Moto wa sitiari na dakika tano za chuku: kisa cha mchelewaji katika wimbo wa Paramore

Mtu amechelewa. Anayemsubiri amekwisha kutazama saa mara tatu, chai imepoa, na hatimaye mlango unafunguliwa. Mchelewaji anaingia huku anahema na, kabla hajavuta kiti, anaanza kueleza. Kengele ililia akaizima, ikalia tena akaizima tena. Barabarani kulikuwa na foleni. Kahawa ilimmwagikia. Gari liligonga. Lau si hayo, angefika kwa wakati. Hicho ndicho kisa kinachosimuliwa katika "Running Out of Time", wimbo wa Paramore, bendi ya roki ya Marekani, uliotolewa kuwa singo tarehe 16 Februari 2023, siku sita baada ya albamu yake, This Is Why, kuingia sokoni. Hakuna anayekufa ndani yake wala anayeachwa na mpenzi. Kuna mwanamke anayeishiwa na wakati kila siku, pamoja na sababu zake.

Kisa kidogo kama hiki ni rahisi kukipuuza, na kwa kweli mara ya kwanza nilikipuuza, nikidhani ni mzaha wa kupumzisha masikio katikati ya albamu nzito. Kadiri nilivyorudia kuusikiliza wimbo ndivyo nilivyoona kwamba saa yenyewe ina sehemu ndogo sana ndani yake. Kilichowekwa mezani ni maneno: yale ambayo mchelewaji anamwambia aliyemsubiri, yale anayojiambia mwenyewe, na namna makundi hayo mawili ya maneno yanavyoachana polepole mpaka msimulizi mwenyewe hajui tena lipi analiamini. Nitaufuata mgawanyiko huo, kwa sababu ndipo wasiwasi wa wimbo huu unapokaa.

Kwanza, kidogo kuhusu wanaosimulia. Paramore ilianzia Franklin, mji ulio kusini mwa Nashville katika jimbo la Tennessee, mwaka 2004, waanzilishi wake wakiwa bado vijana wa umri wa shule. Katika miaka iliyofuata waliingia na kutoka watu wengi. Mpiga ngoma Zac Farro, kwa mfano, aliondoka pamoja na kaka yake Josh mwaka 2010 na akarejea rasmi mwaka 2017. Waliobaki kuwa bendi ni watatu: Farro, mpiga gitaa Taylor York, na mwimbaji Hayley Williams, ambaye alizaliwa Desemba 1988 na hivyo alikuwa na miaka 34 wimbo huu ulipotoka. Albamu yao iliyotangulia, After Laughter, ilitolewa tarehe 12 Mei 2017, na iliificha huzuni kubwa chini ya midundo ya kuchangamsha. Kisha kukawa kimya cha karibu miaka sita. Bendi iliyochukua muda wote huo kabla ya kurejea na wimbo wa kuomba radhi kwa kuchelewa inastahili kutabasamiwa, ijapokuwa sidhani kwamba walilipanga hivyo.

Ndani ya kimya hicho ulipita ugonjwa wa UVIKO-19. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba katika mwaka wa kwanza wa janga hilo, kuenea kwa wasiwasi na sonona duniani kuliongezeka kwa asilimia 25, na tayari mwaka 2019 watu milioni 301 walikuwa wakiishi na maradhi ya wasiwasi. Nayataja makadirio hayo ili kuweka mpaka, maana wasiwasi wa msimulizi wetu si ule unaompeleka mtu kwa daktari. Ni ule wa kila siku, unaomkaa mtu tumboni kuanzia anapoamka hadi anapolala, na ambao hakuna anayemwandikia ruhusa ya kutokwenda kazini. Albamu nzima, yenye nyimbo 10 na urefu wa takriban dakika 36, inazunguka hali hiyo. Wimbo wa kwanza, uliobeba jina la albamu, ni wa mtu anayeona heri abaki ndani kuliko kutoka na kukutana na watu. Wa pili unahusu vita vinavyoingia sebuleni kupitia runinga, na mtazamaji anayeumia bila kuweza kusaidia. Wa tatu ndio huu. Msikilizaji anatolewa kwenye mabomu na kupelekwa moja kwa moja kwenye kitufe cha kengele, na kuna wakati mpangilio huo ulinikera, kana kwamba bendi ilikuwa inapima kwa mizani moja vitu visivyolingana. Baadaye niliona kwamba hivyo ndivyo siku ya mtu mwenye wasiwasi inavyokwenda: habari za vita na soksi iliyopotea vinamfikia katika robo saa ileile, na mwili wake hauna moyo mmoja wa kudundia vita na mwingine wa kudundia soksi.

Sasa turudi kwenye udhuru, ambao ndio uti wa mgongo wa kisa.

Kiitikio kinaanza kwa kengele. Msimulizi anasema alikibonyeza kitufe cha kuiahirisha mara ishirini, kwa sababu alikuwa amechoka mno. Katika simu za iPhone kengele iliyoahirishwa kwa kawaida hulia tena baada ya dakika 9, muda ambao saa za mezani zimeuzoea kwa miongo mingi. Mara ishirini kwa dakika tisa ni dakika 180, yaani saa tatu kamili. Bila shaka hakulala saa tatu za nyongeza akiamshwa kila baada ya dakika tisa. Ametia chumvi, na anajua kwamba tunajua. Lakini tazama kazi inayofanywa na chumvi hiyo: kosa likikuzwa hadi kuwa kichekesho, anayesubiri hulazimika kucheka, na mtu akishacheka hawezi tena kugomba kwa nguvu zilezile. Kukiri kwa kupitiliza ni njia mojawapo ya kutokukiri.

Baada ya kengele yanakuja mambo ya nje, yaani foleni, kahawa na gari, na hapa mwandishi wa mashairi amefanya jambo la ufundi. Anayapanga kwa uzito unaopanda, yote katika pumzi moja, bila kutupa nafasi ya kuuliza. Foleni ni ya kila mtu na haithibitishiki. Kahawa iliyomwagika inathibitishika, kwa kuwa doa lingeonekana kwenye nguo. Gari lililogonga ni jambo la polisi na bima. Hata hivyo yote yanatamkwa kwa sauti ileile nyepesi, na mtu anayetaja ajali ya gari kwa uzito uleule anaotajia kahawa ama hakupata ajali, ama amepoteza kipimo cha mambo. Msikilizaji wa Nairobi au Dar es Salaam anaijua hila ya kipengele cha kwanza kuliko pengine walivyokusudia watunzi wake. Katika miji yetu foleni ni kweli mara nyingi sana, na kwa sababu hiyo hasa imekuwa uwongo bora kuliko wote. Hakuna anayeweza kusimama mbele ya watu na kudai kwamba leo barabara ilikuwa nyeupe.

Halafu inafika sehemu ambayo, kwa maoni yangu, ndiyo inayoubeba wimbo mzima. Msimulizi anatangaza kwamba kulikuwa na moto, na papo hapo anaongeza neno moja la kitaalamu linaloeleza kuwa moto huo ni wa sitiari. Anaahidi kufika baada ya dakika tano, kisha anaongeza neno jingine la namna hiyohiyo: hizo ni dakika tano za chuku. Maneno hayo mawili ya Kiingereza ni marefu, ya darasani, na hayana kazi katika udhuru wa mtu wa kawaida. Aliyewahi kukaa kwenye kipindi cha fasihi atayatambua mara moja, kwa kuwa sitiari na chuku ni tamathali za semi ambazo mwanafunzi hufundishwa kuzitafuta katika mashairi ya watu wengine. Hapa mshairi anazionyesha kwa kidole katika maneno yake mwenyewe, tena wakati anapotaka aaminiwe. Ni sawa na mchuuzi anayekuuzia shati huku akikusomea kwa sauti sehemu iliyochanika.

Kiswahili kinaniongezea jambo hapa ambalo Kiingereza hakiwezi kunipa. Kwetu chuku halikai darasani peke yake. Mtu hupiga chuku barazani, na wenzake humwambia aache. Na hizo dakika tano tunazo pia, tena kwa ukubwa uleule. Anayesema "nipe dakika tano" hajataja kipimo cha muda, ametaja nia. Anayesema "niko njiani" huenda bado anatafuta taulo. Msemaji na msikilizaji wanalijua jambo hilo na wameridhiana bila kuandikiana mkataba. Wimbo unachofanya ni kuuvunja mkataba huo hadharani, kwa kulitamka lile ambalo wote wawili walikubaliana lisitamkwe. Baada ya hapo udhuru hauwezi tena kufanya kazi yake, na nadhani msimulizi anataka usifanye. Mtu aliyechoshwa na uwongo wake mdogomdogo hufikia mahali pa kutamani kukamatwa.

Kuna sauti nyingine katika kiitikio ambayo ni rahisi kuipita. Msimulizi anasema "mimi" anapotoa sababu zake, lakini maneno yaliyoupa wimbo jina lake yanaimbwa katika nafsi ya tatu: yeye huyo, siku zote anaishiwa na wakati. Kwa Kiswahili badiliko hilo ni la silabi moja tu, "ninaishiwa" ikawa "anaishiwa", ila kwa maana ni safari ndefu. Nani anayesema hivyo? Kwa upande mmoja ni watu waliokwisha kukaa mezani. Mchelewaji ana bahati mbaya ya pekee, kwamba kosa lake ndilo linalowapa wengine muda na faragha ya kumjadili. Hayupo, na hakuna la kufanya isipokuwa kumngoja na kumsema. Kwa upande mwingine sauti hiyo inatoka katika kinywa cha mwimbaji mwenyewe, na ndivyo wasiwasi unavyofanya kazi: mtu hujisengenya kwa niaba ya wenzake, akiwa bado kwenye gari, na anapofika tayari ana majibu ya mashtaka ambayo pengine hakuna aliyeyafungua.

Je, anasema uwongo kuhusu foleni? Hapa utafiti wa saikolojia unasaidia kidogo, na nautumia kwa sababu unagusa kisa hiki mahali hasa kinapouma. Mwaka 1979 Daniel Kahneman na Amos Tversky waliupa jina mwelekeo wa binadamu wa kuzikadiria kazi zake kwa matumaini yaliyopitiliza, hata pale ambapo historia yake yote inamwonya. Mwaka 1994 Roger Buehler, Dale Griffin na Michael Ross walichapisha matokeo ya kuwauliza wanafunzi wa chuo kikuu waliokuwa wakimalizia tasnifu zao wangehitaji siku ngapi. Kwa wastani walijibu siku 33.9. Walipoombwa wakadirie hali ambapo kila kitu kingekwenda mrama kadiri iwezekanavyo, walisema siku 48.6. Muda waliouhitaji ulikuwa siku 55.5. Hata mkosi waliouwaza ulikuwa na haraka kuliko maisha yenyewe.

Ukimrudia mchelewaji wetu na takwimu hizo mkononi, udhuru wake unageuka sura. Anapopanga asubuhi yake haitazami jana; anatazama hadithi ya leo, ambamo anaamka, anaoga, anakunywa kahawa na kuendesha gari, na katika hadithi hiyo hakuna foleni kwa sababu hakuna mtu anayejisimulia foleni. Foleni ikitokea, yeye huiona kuwa ajali, jambo lililozuka leo tu, ingawa ilikuwepo juzi na wiki iliyopita. Kwa hiyo anapoitaja hadanganyi kabisa. Alidanganyika mapema, kitandani, na anachokileta mezani ni mshangao wa kweli juu ya jambo lisiloshangaza. Tofauti hiyo haimpunguzii dakika hata moja yule aliyengoja, lakini inaeleza kwa nini kumkemea mchelewaji sugu hakumbadilishi. Anakubali kila kinachosemwa kuhusu jana, na kesho bado inang'aa.

Mpaka hapo ningeweza kufunga faili na kumwachilia kwa kosa la kukosea hesabu. Wimbo haukubali. Mahali pengine katika ubeti msimulizi anasema kwamba nia njema humfikisha mtu mahali fulani tu, kisha anajiuliza, kwa tusi zito ambalo sitaliandika, iwapo yeye si mbinafsi tu asiyewajali wengine. Swali hilo linaulizwa mara moja na halijibiwi. Wimbo mwepesi kuliko huu ungelijibu kwa kujifariji au kwa kujilaani, na njia zote mbili zingempumzisha msimulizi. Methali zetu zina majibu tayari. Anayeambiwa chelewa chelewa utamkuta mwana si wako anaonywa kuhusu hasara yake mwenyewe, na anayeambiwa haraka haraka haina baraka amekwisha kusamehewa. Williams analiacha jambo katikati, na kwa haki, kwa sababu ukweli ni kwamba mtu mwenye wasiwasi na mtu mbinafsi wanafanana sana wakitazamwa na anayesubiri. Wote wawili wanafika saa moja baadaye. Wote wawili, wakishafika, wanazungumza juu yao wenyewe. Yule wa kwanza anateseka ndani, ila mateso hayo nayo yanamchukulia nafasi ambayo ingetumiwa kumwuliza mwenzake habari za nyumbani.

Muziki, kwa upande wake, hauchelewi hata kidogo, na hilo ni jambo la kuchekesha kwa uzuri. Farro anapiga ngoma kwa mkono mkavu, York anakata gitaa vipandevipande vinavyoingia katika nafasi za besi kama meno ya msumeno, na ndani ya dakika tatu na ushei hakuna pigo linaloburuzwa. Williams ameeleza mara kadhaa kwamba bendi ya Uingereza ya Bloc Party ilikuwa kielelezo kikubwa cha albamu hii, na athari hiyo inasikika hapa katika ule ukakamavu wa midundo unaomfanya mtu acheze huku mabega yamekaza. Watu watatu wanaoimba habari za kushindwa kufika kwa wakati wanafika pamoja kwenye kila pigo, chini ya usimamizi wa mtayarishaji Carlos de la Garza. Sauti ya mwimbaji pekee ndiyo inayobeba haraka: katika kiitikio maneno yanasongamana, foleni, kahawa na gari vikigombania mlango mmoja wa pumzi, huku chini yake bendi ikitembea kwa mwendo uleule kama saa ya ukutani isiyojali nani amefika.

Kuhusu video sina mengi. Iliongozwa na Ivanna Borin, na inamweka Williams katika ulimwengu wa ajabu unaokumbusha hadithi ya Alisi katika nchi ya ajabu, ambayo sungura wake mwenye saa ni mchelewaji mashuhuri kupita wote. Ni wazo linalofaa, lakini naliona limefaa mno. Wimbo wenye kahawa iliyomwagika haukuhitaji nchi ya ajabu, na ningeridhika zaidi na jikoni ya kawaida. Februari 2024 albamu ilishinda Tuzo ya Grammy ya albamu bora ya roki, na ilikuwa mara ya kwanza kwa bendi ya roki inayoongozwa na mwanamke kuipata tuzo hiyo. Tuzo haiongezi chochote katika kisa hiki, isipokuwa kuthibitisha kwamba waamuzi nao walikaa hadi wimbo wa tatu.

Nimeuacha ubeti wa maua hadi sasa, ingawa msikilizaji hukutana nao mapema, kwa sababu bila yale niliyokwisha kuyaeleza ungeonekana kuwa pambo. Ndani yake msimulizi anataja mambo ambayo angeyafanya kama angepata wasaa: kumpelekea jirani maua wakati hali yake si nzuri, kumtembeza mbwa mbali kidogo. Hayo hayana saa. Hakuna mtu anayeketi mezani akihesabu dakika kwa ajili ya maua ambayo hakuahidiwa, na jirani hatajua kamwe kwamba yalikaribia kununuliwa. Kuchelewa kwa aina hii hakuna shahidi, na kwa hiyo hakuhitaji udhuru. Ndiyo maana ubeti huo hauna foleni, hauna moto wala dakika tano. Naona hapo ndipo swali la ubinafsi lilipozaliwa, kabla halijaulizwa kwa maneno. Mbele ya watu mchelewaji ana hotuba nzima iliyopangwa vizuri, yenye vichekesho na tamathali za semi. Mbele ya wale wasioweza kumdai hana neno. Mbwa, kwa jinsi wimbo unavyosema, hajapelekwa mbali na ua wa nyumba, na katika kisa chote ndiye peke yake ambaye hakuna aliyejisumbua kumtungia sababu. Bado yupo hapo uani.